Gitaa la Mti wa Fenesi

Agosti 20
Pendatun ametupa gitaa lake mtoni. Nimeliona likielea katikati ya magugu maji, likizungukazunguka mpaka likapita chini ya daraja. Sikumzuia. Mdogo wangu ana miaka ishirini na minane na mimi si mama yake.

Tangu mkanda wa mashine ya kupura mpunga ulipomshika mkono wa kushoto, vidole vyake viwili havikunjiki sawasawa. Jana alijaribu kurudi jukwaani kwenye dayunday, mashindano ya kuimbiana, katika arusi ya binti wa Akmad. Watu walijaa mpaka kwenye matuta ya mpunga, maana hakuna mtu huku kwetu anayekubali kukosa mwanamume na mwanamke wakitongozana na kutukanana kwa nyimbo. Mwanamume ndiye mpiga gitaa. Pendatun alibana nyuzi zikatoa mlio wa bati. Akarudia, ikawa vilevile. Mwenzake Monina hakumhurumia, akamwimbia mbele ya wote:

"Waya mwembamba, ee bwana, mkononi wakushinda;
mke mnene kama mimi, utaanzia wapi kumpenda?"

Watu walicheka mpaka wakalaliana. Simlaumu Monina, ndiyo kazi yake. Lakini Pendatun alishuka jukwaani akiwa na uso nisioujua.

Agosti 21
Mvua. Hajala.

Agosti 24
Leo nilikwenda mjini Kotabato kutafuta beringi. Dirishani kwa muuza ala za muziki nikaona gitaa la umeme. Nikaingia na nguo zangu za grisi. Muuzaji, mzee mmoja wa Kichina, alinitazama viatu, kisha akaniruhusu nilishike. Nyuzi zimelala chini kabisa, karibu na shingo. Nikagusa mmoja kwa kidole kidogo, ukabonyea kama siagi. Tumbo halina, ni ubao mtupu. Nikamwuliza sauti inatoka wapi. Akafungua kifuniko kwa bisibisi: sumaku, na juu yake waya wa shaba uliozungushwa.

Nilikaribia kucheka. Mimi nasuka mota. Feni zikiungua, pampu za mashambani zikiungua, watu wananiletea mimi Tarhata, mjane wa Kasan, pale kibandani kando ya barabara, nazungusha waya upya. Ile ni kazi yangu ya kila siku, ila ndogo.

Agosti 25
Nimemwambia Pendatun nitamtengenezea gitaa la umeme. Akasema, "Dada, wewe tengeneza feni."

Agosti 27
Samsodin ameleta ubao. Huyu ni mtoto wa mama mdogo Saguira, tumelelewa nyumba moja. Akiingia mahali hata kuku wanachangamka. Ubao ni wa mfenesi, wa njano, ulikuwa mlango wa stoo yao. "Mama ataulizia mlango wake," akasema, "mwambie umekwenda kusoma muziki." Kwa shingo nitatumia mkangazi wa benchi la marehemu mume wangu.

Pendatun alisimama mlangoni akatazama. Hakuondoka.

Agosti 30
Kizuizini. Pale darajani askari wanapopekua wapita njia, Sajenti Oquendo amenimwagia mkoba wote juu ya meza yake ya mbao: sumaku nilizong'oa kwenye spika mbovu, pasi ya kulehemu, swichi, betri ya mraba.

"Na leo umebeba nini?"

"Vifaa vya gitaa."

"Gitaa." Akaokota sumaku, ikavuta sarafu zake. "Mimi sioni gitaa hapa, dada. Naona kitu kingine."

"Bado halijawa gitaa."

Hakucheka. Mtu huyu ametoka kisiwa kingine huko, anavaa msalaba chini ya shati, na tangu afike hapa darajani sijamwona akicheka. Alinirudishia vitu kimoja kimoja, akinitazama usoni.

Septemba 2
Koili, waya wa kuzungushia sumaku, imekatika. Waya wa kazi hii ni mwembamba kama unywele, nimeutoa kwenye transfoma za redio za zamani. Nikivuta kidogo tu, kwisha.

Septemba 3
Imekatika tena.

Septemba 4
Imekatika. Mvua haijaacha tangu Jumapili. Mto umepanda.

Septemba 6
Haikukatika! Nilikuwa nazungusha kwa mashine ya mota, ina pupa. Leo nimezungusha kwa mkono, Pendatun ameshika waya kwa vidole vyake vibovu, taratibu, unapita kati yake kama maji. Vile visivyokunjika ndivyo vilivyofaa, havibani. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Basi nimepata kazi, kuwa msumari." Ila alikuwa anatabasamu.

Tumepima nafasi za shingoni kwenye gitaa la jirani. Vile vyuma vidogo vya kubania nyuzi tunakata kwenye spoku za baiskeli.

Septemba 8
Bunda langu la waya mwekundu wa shaba, ule mnene wa mota za pampu, ni jepesi. Mkono wangu unajua. Nimeliweka kwenye mizani na kweli, limepungua sana. Mwezi huu sijasuka pampu hata moja, mashamba yamejaa maji.

Nani anaingia hapa? Askari wa kizuizini wanakuja kuchaji simu. Wanakaa, wanashikashika vitu.

Septemba 9
Kizuizini. "Na leo umebeba nini?" Nyuzi za gitaa, za chuma, ndani ya karatasi yake. Amezifungua zote sita. Nimemwuliza kama vijana wake wanapenda waya wa shaba. Amenirudishia karatasi. "Kwa nini unaniuliza hivyo?" Nikasema basi tu. Nilijuta kabla sijafika nyumbani.

Septemba 11
Pendatun anatoka na Samsodin kwa pikipiki kila alasiri. Wanarudi na matope ya kinamasi magotini. Nikiuliza wanasema samaki. Samaki wenyewe siwaoni.

Septemba 12
Tumefunga nyuzi mbili za kwanza, kupima shingo. Haijapinda. Bunda la waya limepungua tena.

Septemba 15
Asubuhi wameziba daraja. Ndani ya kalavati, lile bomba la maji chini ya barabara upande wa huku, wamekuta kitu kimefichwa ndani ya debe. Hakikulipuka. Watoto wa shule walikuwa wameshapita juu yake, na lori la mboga, na mama mdogo Saguira na kapu lake la tambi za mchele. Jirani aliyekuwa karibu anasema kilikuwa kimefungwa kwa waya mwekundu.

Nimefunga kibanda mapema. Pendatun anasema kichwa kinamuuma.

Septemba 17
Nitajaribu kuandika yote.

Walikuja baada ya swala ya adhuhuri, gari mbili. Sajenti Oquendo mbele. Walipekua rafu, wakamwaga makopo ya skrubu, kisha kijana mmoja akafunua shuka juu ya benchi na akarudi nyuma kwa ghafla mpaka akamkanyaga mwenzake. Gitaa lilikuwa limelala kifudifudi. Mgongoni nilikuwa nimechimba shimo la kuwekea mitambo, na humo ndani mlikuwa na betri, swichi, koili, nyaya zimelehemiwa huku na huku. Nililitazama kwa macho yake, nikaelewa.

"Nje! Wote nje!"

Walitutoa barabarani, mimi na Pendatun na majirani wote, mpaka mama Akmad aliyekuwa na povu la sabuni mikononi. Mmoja mwenye nguo nzito alilibeba gitaa kwa ncha za vidole akaliweka katikati ya barabara, peke yake, kwenye lami yenye maji. Kisha wakajipanga nyuma ya magunia ya mchanga. Nilimsikia mkubwa wao, luteni aliyekuja na gari la pili, akisema walipige risasi kwa mbali yaishe.

"Ni gitaa!" nikapiga kelele. "Jamani, ni gitaa la mdogo wangu!"

"Gitaa lina betri?" akauliza luteni.

"La kukuza sauti! Niacheni niliwashe, mtasikia."

"Na usipokuwa mlio wa gitaa?"

"Nitakuwa nimelishika mimi, si nyinyi."

Luteni akatikisa kichwa. Hapo Sajenti Oquendo akasema kitu ambacho sikutegemea. Alisema, "Bwana, huyu mama amenionyesha kila kipande kizuizini. Sumaku, swichi, nyuzi. Mtu wa hila asingenionyesha." Wakabishana kwa lugha yao. Mwishowe sajenti akanigeukia. "Nenda. Polepole. Mikono ionekane."

Nikabeba amplifaya ndogo niliyounda kwa redio ya gari, na betri yake. Hatua zile sijui niliwezaje. Nilipiga magoti majini. Nikachomeka waya. Nilipobonyeza swichi, spika ikanguruma, mlio mzito kama nyuki ndani ya mtungi, na nyuma yangu nikasikia bunduki zikiinuliwa zote kwa pamoja. Nikakumbuka sijawahi kuliwasha kabla. Hata sikujua kama koili inafanya kazi.

Nikagusa uzi.

Ulilia. Sauti safi, ndefu, ikatoka kwenye kale kaspika kabovu ikaenda mpaka kwenye kuta za nyumba ikarudi. Nikagusa wa pili. Sijui kupiga gitaa. Nikawa nagusa tu, huu, ule, huu, ule, machozi yananitoka, mpaka mama Akmad akaita kutoka nyuma, "Tarhata, basi, tumesikia!" na askari mmoja akaanza kucheka, wakacheka wote, hata luteni.

Sajenti Oquendo peke yake hakucheka. Alikuja, akachuchumaa mbele yangu, akatoa mfukoni kipande cha waya mwekundu.

"Gitaa nimelikubali," akasema. "Sasa huu. Huu ni wa kwako?"

"Waya kama huo unauzwa Kotabato kwa yeyote."

"Wa kwako umepungua. Ndiyo maana siku ile uliniuliza kuhusu vijana wangu. Ulidhani ni sisi."

Nikainua macho nimtafute Pendatun kati ya watu. Alikuwa anatazama chini. Na hapo nikajua.

"Sijui, Sajenti," nikasema.

"Fikiria. Nitakuja tena."

Septemba 17, jioni
Nimemweka Pendatun jikoni nikafunga mlango.

"Ulimpa nani?"

"Samsodin. Alisema kuna pampu ya mtu huko kinamasini."

"Na ukaamini?"

"Mara ya kwanza niliamini."

"Na mara ya pili?"

"Mara ya pili sikuuliza." Akajishika ule mkono. "Dada, wewe hukuwa pale jukwaani. Samsodin alisema huko kinamasini kwa wapiganaji hakuna anayekuuliza vidole. Tulikuwa tuondoke Ijumaa."

"Mama yako mdogo alipita pale juu, Pendatun. Na kapu la tambi. Ulijua lile bomu litawekwa pale?"

"Wallahi sikujua."

Namwamini. Sijui kama inasaidia kitu.

Septemba 18
Nimemkuta Samsodin gatini, anafunga mashine ya mtumbwi. Akanipa lile tabasamu lake.

"Dada wa gitaa! Wamenisimulia. Bunduki kumi nyuma yako!"

"Nirudishie waya wangu."

Tabasamu halikuondoka mara moja, liliondoka kidogokidogo. "Wewe huelewi mambo haya."

"Sielewi. Naelewa kwamba mama yako alipita."

"Saa ile haikuwa—" Nikaona kwamba jambo hilo alikuwa nalo ndani tangu Jumatatu, na limemla. Lakini alipoinua uso ulikuwa mgumu. "Utafanya nini? Utakwenda kwa yule mwenye msalaba?"

"Kesho, baada ya swala. Nitataja jina lako. Nimekuja kukwambia wewe kwanza kwa sababu nimekubeba mgongoni."

"Na Pendatun? Akishikwa huyo utakuwa umemuuza mwenyewe."

Nilitembea kurudi, mgongo unanisisimka njia nzima. Yeye ndiye aliyeniletea ubao. Siku zote zile nilikuwa namwogopa mtu mwingine.

Septemba 19, Ijumaa
Asubuhi kitanda cha Pendatun kilikuwa kitupu. Nguo zake mbili hazipo. Gatini mtumbwi wa Samsodin haupo.

Nilikwenda hata hivyo. Mvua ilikuwa kubwa, Sajenti Oquendo alikuwa peke yake chini ya turubai. Hakuuliza nimebeba nini. Nikasema waya ulitoka kwangu. Nikataja jina la Samsodin, mwana wa Saguira, nikasema ameshaondoka. Alisikiliza bila kuandika.

"Nani alimpa?"

Nikasema, "Kibanda ni changu. Niandikie mimi."

"Sijauliza nani mwenye kibanda. Nani alimpa?"

"Mimi," akasema mtu nyuma yangu.

Pendatun, amelowa mpaka mifupa, mfuko wa nguo begani. Alikuwa ameingia mtumbwini alfajiri. Katikati ya mto alimwambia Samsodin amteremshe, wakagombana, akaruka kwenye magugu akaogelea.

"Nimempa mimi," akasema tena. "Dada yangu hajui kitu."

Akaita gari na askari, Pendatun akafungwa mikono. Sajenti mwenyewe ndiye aliyemfunga, na alilegeza kamba upande wa kushoto. Gari likaenda Kotabato. Nilisimama pale mpaka turubai ikajaa maji ikanimwagikia.

Septemba 20
Mama mdogo Saguira amekuja mlangoni. Hakuingia. "Wa kwako yuko gerezani, utampelekea chakula," akasema. "Wa kwangu nimpelekee wapi?" Akaondoka.

Septemba 22
Kizuizini. Leo niliyeuliza ni mimi. "Vipi?" Sajenti akasema, "Anakula."

Septemba 23
"Anakula."

Septemba 25
Zamu ilikuwa ya mwingine. Hajui kitu. Sikulala.

Septemba 26
"Anakula. Wamemhoji, amesema yote. Hakupigwa." Akaongeza, "Niliulizia kila siku."

Septemba 29
Nimefunga nyuzi nne zilizobaki. Nimeziba shimo la mgongoni kwa kipande cha bati. Ninafanya hivi kwa sababu mikono haiwezi kukaa.

Oktoba 4
Sikukuu ya kuchinja. Nyama imepita nyumba zote za ukoo, nyumba yangu imerukwa. Mama Akmad amenipitishia bakuli dirishani, akakimbia kama mwizi.

Oktoba 12
Amerudi! Kwa miguu kutoka barabara kuu, amekonda, kichwa kimenyolewa. Wamemwachilia kwa sharti, ataripoti polisi kila wiki. Alikula sahani tatu za wali. Gitaa liko benchini, hakulitazama.

Oktoba 13
Hakuligusa.

Oktoba 14
Hakuligusa.

Oktoba 15
Nilikuwa ndani ya pampu ya mtu, nikasikia. Polepole, nyuzi tatu, nne. Vidole viwili vigumu vimelala juu ya nyuzi kama paa la nyumba, vingine vinafanya kazi chini yake, na nyuzi zinabonyea. Sikugeuka. Niliendelea kuzungusha waya nikiharibu mota ya watu.

Oktoba 18
Arusi ya mpwa wa Akmad. Wamemwita Pendatun, nadhani kwa udadisi zaidi ya heshima. Uwanja ulijaa. Mvua ilikuwa imepumzika, maji yametapakaa mashambani mpaka upeo wa macho, na huko mbele ni kinamasi chenyewe. Spika nne za kukodi. Pendatun alipopiga mara ya kwanza watu waliinama kama wamepigwa na upepo, kisha wakashangilia. Monina akainuka kumjibu.

Mama mdogo Saguira akamnyang'anya kipaza sauti.

Alikuwa mwimbaji mkubwa ujanani, na miaka mingi hajapanda jukwaani. Hakuna aliyethubutu kumzuia. Akasimama na kanga yake ya nyumbani, akanitafuta kwa macho kati ya watu, akaanza:

"Mlango wangu wa stoo umefanywa ala ya kuchezea,
aliyeung'oa ni mwanangu, kwa nani amepotelea?
Mwenye waya mkononi, mmoja umejivutia,
wa pili umemwachia mto, wa pili umemwachilia."

Uwanja wote ulinigeukia. Pendatun aliacha kupiga. Mama mdogo akamgeukia, "Nani kakwambia unyamaze? Piga!" Akapiga. Sasa aliniacha mimi, akageukia upande wa maji, na sauti yake ikapanda juu ya gitaa, ikaenda na gitaa kupitia zile spika, ikavuka mashamba:

"Kama upo wasikia, mwana niliyekuzaa,
nilipita juu yake asubuhi ile, ningekuwa nimekufaa?
Rudi nikupige kwanza, halafu nitakukumbatia;
usiporudi, mwanangu, hata kuku wamenuna pia."

Hakuna aliyecheka. Kwenye dayunday aliyeimbiwa sharti ajibu, na aliyeimbiwa kwanza nilikuwa mimi. Walinisukuma mpaka mbele. Mimi siwezi kuimba, kila mtu anajua. Nikashika kipaza sauti, nikasema tu, bila wimbo: "Mama, nilimwambia yeye kwanza. Nilimpa siku nzima ili aondoke hai."

Alinitazama. Gitaa lilikuwa linaendelea chini kwa chini. Kisha akachukua kipaza sauti mkononi mwangu, si kwa nguvu, akampa Monina, akashuka jukwaani akaenda zake.

Oktoba 19
Maji yamepungua kidogo mashambani. Pendatun amelala mpaka adhuhuri.

Oktoba 20
Mama mdogo Saguira amekuja kibandani na feni iliyoungua. Hakunisalimia. Ameiweka juu ya benchi, akavuta kiti, akakaa kusubiri.